Zamu ya Kubonyeza

Mwezi uliopita nilipanda juu ya bati la bibi yangu pale Maisaka, mtu mzima na heshima zangu, kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, koleo mkononi, kwenda kung'oa waya. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanapita wakasimama kabisa wanitazame. Mmoja akauliza kama mafundi wameisha Babati nzima. Nikamwambia fundi ni mimi, apite zake. Ukweli fundi nilimpata, tena alikuwa tayari na ngazi yake begani, ila nilimkatalia. Zile waya nilitaka kuzing'oa mwenyewe.

Nilikuwa nimemletea bibi televisheni mpya, ile bapa inayovuta picha kwenye intaneti. Hakuna dishi, hakuna king'amuzi, hakuna kusubiri saa ifike. Unataka mieleka saa nne asubuhi, unaipata. Unataka kuirudia mara tatu, rudia. Nikamfungia na kale kaboksi ka intaneti kenye vitaa vya kijani, nikajiona nimefanya jambo kubwa sana duniani. Bibi akashukuru, akaniombea baraka, kisha akauliza inakula umeme kiasi gani.

Kabla sijashuka nikasikia mtu anakohoa ng'ambo ya ua. Ni jirani yetu mshonaji, siku hizi mama mtu mzima mwenye miwani, ameshika kiuno ananitazama huko juu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba ya haraka haraka, ya mtu mwenye jambo kichwani. Halafu akauliza: "Sasa humo ndani, ile sehemu yetu ya mwisho imo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya bati la moto, nikainuka upesi. Miaka yote hiyo mwanamke yule hajasahau. Na wewe rafiki yangu najua huelewi ni sehemu ya mwisho ya nini, basi vuta kiti nikusimulie. Habari za kuzungusha antena unazo mwenyewe, kila mtu anazo, sitakusumbua nazo. Yangu ni nyingine.

Nyumba zilikuwa tatu na king'amuzi kimoja. Mjomba wangu wa Arusha ndiye aliyemnunulia bibi, akaja nacho Krismasi pamoja na dishi lake. Bibi alikaa nacho siku mbili tu akaona haifai kula peke yake. Kulia kwetu alikaa mwalimu mstaafu na mkewe. Mwalimu mwenyewe Mungu amrehemu, tulimzika Bonga mwaka juzi. Kushoto alikaa huyu mshonaji na watoto wake. Wote walikuwa na televisheni, zile za mgongo mkubwa, zinazoonyesha chenga tupu. Bibi akaita fundi, akaamuru waya uvutwe kila upande. Mmoja ukapita kwenye mparachichi kwenda kwa Mwalimu, mwingine ukapita juu ya banda la kuku kwenda kwa mshonaji. Picha ikitokea kwetu, na kwao imetokea.

Ila kuna jambo ambalo watoto wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unawatania. King'amuzi kikiwa kimoja, chaneli nayo ni moja. Anachoangalia bibi ndicho anachoangalia Mwalimu, ndicho anachoangalia mshonaji, wapende wasipende. Na bibi yangu, mama wa kanisa, mtu wa kufunga Kwaresima yote, alikuwa na ugonjwa wa mieleka. Akiona jibaba limenyanyuliwa na kubwagwa chini, anapiga makofi na kulisema kwa Kigorowa maneno ambayo sijatafsiriwa mpaka leo. Akisinzia kwenye kiti mieleka ikiendelea, basi nyumba tatu zinaangalia mieleka mpaka aamke.

Ikabidi ziwekwe zamu. Saa moja jioni ilikuwa ya mshonaji, kwa ajili ya tamthilia. Saa mbili ya Mwalimu, kwa ajili ya taarifa ya habari. Jumamosi mchana ya bibi na majibaba yake. Sisi watoto tukaachiwa asubuhi za likizo. Kubonyeza chaneli ni kazi ya kidole kimoja, ningeweza kuwabonyezea wote bila kuinuka mkekani, lakini bibi alikataa katakata. Mwenye zamu aje mwenyewe. Apige hodi, asalimie, akae, apewe chai, ndipo akabidhiwe rimoti. Akishabonyeza yuko huru kurudi kwake akaangalie. Siku moja mvua inanyesha, Mwalimu akajaribu kupaza sauti juu ya ua kwamba anaomba awekewe habari. Bibi akamjibu kwa sauti ileile kwamba habari ni nzuri, karibu. Akaja, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

"Nyumba isiyopigwa hodi ni ghala," ndivyo bibi alivyokuwa akisema, na akiisema hiyo ujue mjadala umefungwa.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Wazazi wangu walikuwa kazini Kiteto, nikawa wa bibi moja kwa moja. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kufungia kuku, kupukuchua mahindi, na kuosha vikombe. Hivyo vikombe ndivyo vilinitoa roho. Watu wanakuja kubonyeza sekunde moja, wanaacha vikombe sita! Lakini acha nikuambie harufu ya ile sebule. Chai ya maziwa iliyochemka na tangawizi, viazi vitamu kwenye sinia, siku nyingine makande ya mahindi na mbaazi yaliyokaa jikoni tangu mchana mpaka yakalegea yenyewe. Nje upepo wa baridi unashuka kutoka mlima Kwaraa, ndani tumebanana. Televisheni imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, rimoti imevikwa nailoni isiingie vumbi. Nilikuwa na raha, jamani. Nilikuwa na raha na sikuwa na habari kwamba hiyo ndiyo inaitwa raha.

Mshonaji alikuwa anaingia saa moja kasoro dakika tano, futi yake ya kupimia shingoni, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye gauni. Anabonyeza, anasema anakaa dakika moja tu amalizie chai, na hainuki tena. Kwake televisheni inawaka, watoto wake wanaangalia kitu hichohicho, lakini yeye alitaka kuangalia na sisi kwa sababu kwetu kulikuwa na watu wa kugombana nao. Tamthilia yenyewe ilitoka nchi za mbali huko, imetiwa Kiswahili. Kulikuwa na msichana yatima, mfanyakazi wa ndani kwenye jumba la tajiri. Yule mama mwenye jumba ndiye mama yake mzazi, alimtupa akiwa mchanga, na anajua. Yatima hajui. Kuna kijana wa mle ndani anayempenda, na kuna mwanasheria mmoja mshenzi anayeijua siri na anaitumia kumtisha mama. Miezi minane, rafiki yangu, miezi minane yule mama anafungua mdomo aseme, na kila akifungua simu inalia. Mshonaji alikuwa anaipigia kelele ile simu. Mimi nilikuwa silali. Swali letu lilikuwa moja tu: mama atasema au hatasema?

Sasa nikuletee ugomvi. Mshonaji alikuwa na mbuzi asiyefungika. Siku moja akaingia shambani kwa Mwalimu, akala tuta zima la maharage yaliyokuwa yanaanza maua. Mwalimu akamkamata, akamfunga kando ya barabara mchana kutwa, juani, kila mpita njia amwone mhalifu. Mshonaji alipomkuta akawaka moto. Mbele za watu akamwambia Mwalimu kwamba kwa kuwa wanafunzi wamemshinda, basi abaki afundishe mbuzi. Watoto wa mtaa tukalidaka hilo neno, na kwa aibu yangu nakiri tulilitumia. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Kila jioni saa mbili walipishana mlangoni kwa bibi, mmoja anaangalia dari, mwingine anaangalia viatu. Bibi aliendelea kuwawekea vikombe vyao pamoja kwenye sinia.

Ndipo ikatangazwa kwamba Jumapili saa moja jioni ni sehemu ya mwisho ya tamthilia. Mshonaji alikataa kazi za watu wiki nzima, akasema mikono inamtetemeka. Mimi shuleni nilikuwa sisikii mwalimu anasema nini.

Ijumaa yake mke wa Mwalimu akaja kumsaidia bibi kuchambua mbaazi uani, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza, kama ilivyokuwa desturi yangu. Nikasikia habari mbaya kuliko zote. Kwaya yao ya kanisa la Bonga ilikuwa imerekodiwa na watu wa televisheni, pale kando ya ziwa, wanakwaya jicho moja kwenye kamera na jicho lingine kwa viboko wa majini. Itaonyeshwa Jumapili. Saa ngapi? Saa moja jioni, chaneli nyingine. Mwalimu aliimba besi kwenye kwaya ile tangu kijana, na hajawahi kuonekana kwenye televisheni, na mkewe akasema mzee hali, amenyoosha suti tayari. Lakini hawezi kuomba. Zamu ni ya mshonaji, na mshonaji hasemeshani naye.

Bibi akachambua mbaazi kwa muda. Halafu akasema zamu ni mali ya mwenyewe, yeye hana uwezo wa kuigawa. Mwalimu amwombe mwenye zamu.

Mwalimu akaja jioni ile. Akanywa chai, akazungumza kuhusu mvua, akaondoka. Akaja Jumamosi, akazungumza tena kuhusu mvua, na mvua yenyewe hakuna. Jumapili mchana akapita mara mbili. Mimi nikaona huyu mtu atapata ujasiri, na akipata ujasiri mimi nimekwisha. Saa kumi na mbili jioni bibi akiwa anafungia kuku, nikafungua rimoti, nikatoa betri zote mbili, nikazizamisha kwenye debe la unga wa ugali. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Chaneli ya tamthilia ilikuwa tayari imewekwa, na vitufe vya kwenye king'amuzi vilikufa siku nyingi. Bila betri, hakuna mwanadamu wa kuibadilisha.

Mshonaji akaja mapema, amevaa kitenge cha sikukuu, na karanga za kukaanga kwenye bakuli. Muziki wa tamthilia ukaanza. Hodi. Akaingia Mwalimu na suti yake ya kijivu na tai, mkewe nyuma yake. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama anasubiri kengele ya mstarini.

"Mama Neema," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kulitamka jina hilo tangu siku ya mbuzi, "nakuomba zamu yako ya leo. Kwaya yetu inaonyeshwa saa hii."

Mshonaji akaitazama televisheni. Yule mama tajiri alikuwa anashuka ngazi, ameshika barua, uso umemvimba kwa kulia. Miezi minane. Mshonaji akanyoosha mkono, akaichukua rimoti mezani na nailoni yake, akampa.

"Bonyeza, Mwalimu."

Mwalimu akabonyeza. Wapi. Akaipiga piga kwenye kiganja, akabonyeza tena, akasogea mpaka karibu aiguse televisheni. Yule mama bado anashuka ngazi. Nikamwona mshonaji anafunika macho kwa mkono asije akaona kitu ambacho amekwisha kukitoa, na hapo moyo wangu ukaanza kuniuma. Bibi akaomba rimoti. Akafungua mgongo wake, akaona patupu. Hakufoka. Akageuza shingo taratibu mpaka nilipokaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nenda kalete."

Nilirudi na betri nyeupe pepe. Zikafutwa kwa kanga, zikawekwa, chaneli ikahama. Kwaya ya Bonga ikatokea, sare za bluu, ziwa nyuma yao, na wimbo wa kwanza ndio kwanza unaisha. Tukakaa nyimbo zote zilizobaki. Aliyepiga picha alikuwa amempenda mtoto wa kinanda na maua yaliyoota majini. Mwalimu wetu alionekana mara mbili, mara ya kwanza bega, mara ya pili sikio na nusu ya shavu, lakini lile sikio tulilishangilia kwa vifijo ambavyo sijavisikia tena hata mpirani. Mshonaji naye alishangilia. Bibi akasema ni sikio zuri.

Kabla shangwe haijatulia simu ya mke wa Mwalimu ikalia. Ni dada yake wa Dareda, anapiga kelele za furaha. Wamemwona! Wimbo wa kwanza, uso mzima, kamera imemganda mpaka watoto wamesimama kumpigia makofi. Mwalimu akacheka, akasema basi, nimeonekana. Kisha akawa anafuta unga wa betri zangu kwenye vidole vyake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Marudio ya tamthilia yalikuwa Jumatatu saa tano asubuhi. Mshonaji aliacha cherehani wazi, akakimbia kwa bibi, akapiga hodi, akasalimia, akakaa. Saa tano kasoro dakika tatu umeme ukakatika. Bibi alisema mshonaji alibaki amesimama mbele ya kioo cheusi, futi shingoni, mpaka saa saba umeme uliporudi. Hakumlaumu Mwalimu kwa neno lolote. Afadhali angelaumu, maana mtaa mzima ulimwona alivyopooza.

Jumatano jioni nilikuwa uani napukuchua mahindi, gunzi kwa gunzi, Mwalimu akaja kwa njia ya nyuma. Akakaa juu ya kinu kilicholala, akatoa daftari na kalamu mfukoni. Akasema nimweleze ile tamthilia yote, tangu mwanzo, nisiruke. Yeye hakuwahi kuiangalia hata siku moja. Ikianza alikuwa anaizima na kwenda kulisha kuku.

Basi nikaeleza, naye akaandika, na maswali yake yalikuwa ya mtihani. Huyo kijana anayependa anafanya kazi gani? Nikasema haijulikani, yuko tu ofisini anaongea na simu. Akaandika. Kwa nini siri zote wanazisema mlango ukiwa wazi? Nikasema ndivyo wanavyoishi huko. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika na hilo. Tukafika mwisho wa ninachojua, mama anashuka ngazi na barua. Nikaweka gunzi chini. Nikasema, "Mwalimu, betri nilificha mimi."

"Najua," akasema bila kuinua kichwa. "Zilikuwa na unga." Akafunga daftari. "Endelea kupukuchua, giza linaingia."

Jumamosi iliyofuata, saa moja jioni, hapakuwa na tamthilia tena, lakini zamu ni zamu, mshonaji akaja kunywa chai yake. Hodi. Mwalimu kaingia na daftari, na safari hii amevaa sweta lake la kila siku. Akaomba televisheni izimwe dakika kumi. Akasema kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha darasa likose somo, ameona afidie. Na akaanza kusoma sehemu ya mwisho.

Rafiki yangu, sijawahi kusikia kitu kama kile. Alisoma kwa sauti yake ya besi, polepole, anasimama kwenye nukta kama anatoa imla. Mama tajiri anashuka ngazi. Simu inalia, mama anaichomoa waya. Tukapiga makofi hapohapo. Anaichana barua, kwa sababu jambo kama hilo haliandikwi, linasemwa. Anaingia jikoni ambako hajawahi kukanyaga, anachukua sahani, anapakua chakula kwa mkono wake, anampelekea yatima aliyezoea kula amesimama. Anamkalisha mezani, wageni wote wanatazama. Anasema huyu ni mwanangu wa kwanza. Anasema nilikosa. Pale kwenye "nilikosa" Mwalimu hakuangalia daftari. Alikuwa anamwangalia mshonaji.

Mshonaji alikuwa analia na kucheka, anajifuta kwa ncha ya futi. Tukangoja aseme kitu. Akavuta pumzi, akauliza: "Na yule mwanasheria?"

Mwalimu akashtuka. Mwanasheria alimsahau! Akapekua daftari, akarekebisha tai ambayo hakuivaa, akasema amefungwa miaka saba. Mshonaji akasema saba ni michache. Wakabishana, yeye anataka kumi na tano, Mwalimu anasema sheria hairuhusu, wakaishia kumi. Bibi akaingilia kutaka kujua habari za mahari, maana kijana hawezi kumchukua binti wa watu hivihivi kwa kuongea na simu. Mwalimu akaandika ng'ombe kumi na wawili palepale, akapiga mstari. Saa mbili ikafika, ikapita, hakuna aliyekumbuka taarifa ya habari. Mbuzi aliendelea kuingia kwenye maharage miaka yote aliyoishi, ila sasa alirudishwa kwake akiwa na salamu.

Mambo yalikwisha kidogo kidogo, wala hapakuwa na ugomvi. Mimi nilikwenda sekondari ya bweni. Watoto wa Mwalimu wakamletea king'amuzi chake. Watoto wa mshonaji wakamnunulia simu kubwa, akawa anaangalia tamthilia zake kitandani na vile vya kuziba masikio. Kila mtu akafurahi, na ilikuwa sawa wafurahi. Waya zikabaki juu kwenye mparachichi, hazipeleki kitu mahali popote.

Basi siku ile niliposhuka kwenye bati nikanawa mikono, nikaitafuta ile tamthilia. Imo. Ipo yote, na sauti zilezile za Kiswahili, mtu mmoja mwenye moyo mzuri kaiweka. Mshonaji akaitwa. Alikuja na kitenge kizuri, nikajua hakuja kwa mchezo. Tukakaa, bibi kwenye kiti chake, mimi katikati, nikabonyeza.

Mama tajiri anashuka ngazi na barua. Simu inalia, anaipokea. Anatoka mbio, anaingia kwenye gari, gari linapinduka, anakufa. Hivyo tu! Yatima anaikuta barua, anaisoma peke yake ufukweni, analia vizuri, halafu ni harusi, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Mwanasheria wala hakuonekana.

Nilimwangalia mshonaji. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa kitenge. Nilidhani analia.

"Wamekosea," akasema. "Zima."

Nikazima. Bibi, ambaye siku hizi masikio yake si mazuri, akauliza imekuwaje, mama amesema au hakusema. Mshonaji akavuta kiti mpaka karibu na sikio lake, akamsimulia. Simu inalia, mama anaichomoa waya. Anaichana barua. Anaingia jikoni, anachukua sahani. Neno kwa neno, rafiki yangu, na pale pa kusimama anasimama, kwa sauti nzito ambayo si yake. Miaka yote ile alikuwa nayo kichwani, yule mama aliyesema wanafunzi wamemshinda Mwalimu. Bibi akawa anatikisa kichwa kukubali. Walipofika kwa ng'ombe kumi na wawili wakahesabu pamoja, wakacheka mpaka bibi akashika ubavu, na mimi nikaenda jikoni nijifanye naangalia chai.

Ile kwaya nayo nimeitafuta. Nimeandika Bonga, nimeandika ziwa, nimeandika kila neno linalonijia. Dunia yote imo humo ndani, mpaka mieleka ya kabla sijazaliwa, lakini kwaya ya Mwalimu haimo. Uso wake ule mzima ulionekana Dareda peke yake.

Kesho yake jioni bibi alikuwa amekaa na rimoti mpya mapajani, hajawasha. Akaniuliza leo ni zamu ya nani. Nikamweleza vizuri, kwa furaha kabisa, kwamba siku hizi hakuna zamu, bibi, kila saa ni yako, bonyeza unachotaka. Akanitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtoto aliyekuletea zawadi aliyoichagua mwenyewe.

"Mama Neema yupo?" akauliza. Nikasema nimeona taa yake inawaka. Akasema nikamwite, aje abonyeze.

Nikavaa ndala, nikaenda.